Saksheni inanitoa jasho, wazoefu wa kliniki za meno njooni (niko Kigoma)

Binti wa Gungu

Habarini wanajamvi, na wa nyumbani mwakeye. Mi najifunza kazi ya unesi wa meno kwenye kliniki moja hapa Kigoma mjini, sijapita chuo cha meno, ni ile ya kuchukuliwa ukiwa nesi wa kawaida halafu unafundishwa hapo hapo kazini. Mambo mengi nashukuru Mungu yanaingia, trei napanga, simenti nachanganya, vyombo naosha na kuingiza kwenye otoklevu (ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), foleni na kadi ndo usiseme. Kinachonitoa jasho ni saksheni, lile bomba la kuvuta maji na mate mdomoni mwa mgonjwa.

Yaani daktari akishaweka drili tu maji yanaanza kujaa, mi naingiza ncha, nikifika kwenye maji yeye kashahamisha mkono, nikimfuata nagongana na kioo chake, nikirudi nyuma mgonjwa anaanza kukohoa, basi kazi inasimama, kiti kinainuliwa, mtu anatema, tunaanza upya. Jino moja la kuziba linakula muda wa mawili. Daktari mwenyewe mpole hata hagombi, anasema tu "utazoea", sasa hiyo utazoea hainiambii mkono uende wapi.

Yanayonisumbua zaidi ni magego ya chini upande wa kulia wa mgonjwa, ulimi unakuja juu ya ncha kila saa. Halafu kuna kunasa shavu, inatoa ule mlio mgonjwa anashtuka. Halafu kuna wale ambao ukigusa nyuma kidogo tu wanataka kutapika. Na hii ndogo ya mate inayokunjika tunaitumia lini hasa na ile kubwa lini?

Video nimeangalia ila wanaonyesha mikono imeshakaa, hawaonyeshi imefikaje pale. Mwenye kuweza kunieleza kwa maneno naomba, hata iwe ndefu nitasoma yote.

Nesi wa Isevya

Mwangaluka mdogo wangu. Mi niko Tabora, hiki kiti cha pembeni nimekikalia miaka mingi, na ulivyoeleza tu nimeshaona penye shida. Wewe unasubiri maji yajae ndo uyafuate. Saksheni inatangulia. Ncha yako ikae mahali pake KABLA daktari hajaingiza drili, ukishatulia ndo yeye anaingia na kioo na drili yake na anajipanga kukuzunguka. Ukiingia wa pili lazima mgongane kwasababu nafasi yote kashaichukua, mdomo wa mtu wenyewe ndo huo huo mdogo. Kwahiyo kesho ongea nae, mwambie daktari naomba nitangulie mimi, utaona atafurahi maana na yeye anachoka kuona maji kwenye kioo badala ya jino.

Kabla ya mkono angalia umekaaje. Wengi wanasimama nyuma ya bega la daktari wanachungulia, hapo hata uwe fundi wa namna gani huwezi. Chukulia kichwa cha mgonjwa ndo katikati ya saa ya ukutani, namba 12 iko nyuma ya utosi, namba 6 iko miguuni. Daktari wa mkono wa kulia anafanya kazi kati ya namba 8 na 12, eneo lako wewe ni namba 2 mpaka 4, yaani kushoto kwa mgonjwa. Kaa. Na kiti chako kiwe juu kuliko cha daktari, macho yako yapite ya kwake kama sentimita 10 mpaka 15, ndo utaona ndani ya mdomo bila kujikunja. Kama kiti chako hakina pa kuwekea miguu tafuta hata kibao, miguu ikining'inia mgongo utakuuma na mkono utatetemeka.

Saksheni kubwa inashikwa mkono wa KULIA. Wa kushoto unabaki na ile sirinji ya hewa na maji na kupokezana vyombo. Wanaojifunza wengi naona wanashika kwa kushoto kwasababu bomba limening'inia upande ule, matokeo yake kiwiko kinamziba daktari mwanga. Unaweza kushika kama unavyoshika kalamu, hiyo ni kwa meno ya mbele na kwa kazi laini, ila kwa magego nashauri ushike kwa kiganja kizima kidole gumba kikikuelekea wewe, hapo unapata nguvu ya kuzuia shavu au ulimi kwa muda mrefu bila kiganja kufa ganzi.

Sasa wapi. Ukiangalia ile ncha imekatwa mshazari, huo mkato ulale sambamba na ubavu wa jino, sio utazame koo wala utazame juu. Ukingo wake uwe usawa wa sehemu ya kutafunia au upite kidogo sana, na uwe nyuma kidogo ya jino linalochongwa, karibu kadri inavyowezekana bila kugusa drili. Maji ya drili yanaruka kwenda pale, ncha iko pale inayameza yakiwa bado hewani hayajafika kooni. Na upande ni ule wa jino ulio karibu na WEWE. Wewe umekaa kushoto kwa mgonjwa, si ndio, basi meno ya kushoto juu na chini ncha inakaa upande wa shavu, na meno ya kulia juu na chini ncha inakaa ndani, upande wa ulimi au kaakaa. Meno ya mbele angalia daktari anachonga wapi, akichonga kwa mbele wewe kaa kwa nyuma, akichonga kwa nyuma wewe kaa kwa mbele.

Hilo gego lako la chini kulia ndo gumu kuliko yote, usijione mjinga. Ncha inaingia kati ya ulimi na jino. Kosa linalofanyika ni kuusukuma ulimi kwa nguvu, ulimi ni msuli, ukisukumwa unasukuma, na wenyewe hauchoki. Ingiza ncha ikiwa imelala, iache itulie kwenye sakafu ya mdomo, halafu igeuze taratibu mkato utazame jino, mgongo wa ncha ndo ubaki umegusa ulimi. Mwambie mgonjwa legeza ulimi, pumua kwa pua. Ulimi ukishaona hakuna vita unakaa.

Nikipata nafasi nitarudi kwa hiyo ya kutapika, kuna mgonjwa kaingia.

Kasulu Kwanza

Mbona rahisi tu, chukua hiyo ndogo inayokunjika mtundike mgonjwa mdomoni af mwambie afunge midomo avute kama mrija, mate yote yanaisha. Sisi ndo tunavyofanya kwetu, hakuna cha ulimi wala nini

Tabibu Reli ya Kati

@Kasulu Kwanza hiyo ya kufunga midomo acheni wakuu. Mtu akibana midomo kwenye ile ncha ndogo presha ndani ya mdomo wake inaweza ikawa ndogo kuliko ya kwenye bomba, na vilivyoko kwenye bomba vikarudi mdomoni kwake, na bomba lile limepitisha mate ya waliotangulia asubuhi yote. Miongozo ya CDC, kile kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ya mwaka 2003 imelitaja hilo. Ni kweli walisema haijaripotiwa mtu aliyeumwa kwa njia hiyo, ila wewe ungekubali? Mdomo ubaki wazi.

Kuhusu lini kubwa lini ndogo. Ile ndogo ni ya kuvuta mate yanayojikusanya polepole, unaikunja inaning'inia pembeni ya mdomo inafika sakafuni chini ya ulimi, inafaa unapokuwa peke yako na daktari kwa mfano unachanganya simenti huku mikono yako haipo, au wakati tunasubiri kitu kikauke. Haiwezi kabisa kushindana na maji ya drili. Drili ya kasi au mashine ya kusafishia ugaga ikiwashwa ni ile kubwa, na sio suala la kumlinda mgonjwa asikohoe tu, ule ukungu unaopanda unabeba mate na damu unaingia puani kwako wewe na mimi. Ncha kubwa ikikaa karibu na jino inakamata sehemu kubwa ya ule ukungu, ikikaa mbali inavuta hewa ya chumba. Maski na miwani vaa hata kama saksheni iko vizuri.

Na wewe binti kama bado hujachanjwa homa ya ini B nenda kachanje, ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Najua hujauliza. Watu wanaingizwa kwenye kazi hizi wanapewa glovu na maski basi, chanjo wanaikumbuka baada ya kujichoma.

Mgebuka Mkavu

Samahani wataalamu natoka nje ya mada, mi gego la juu linaniuma siku nyingi, usiku silali, nimeambiwa niweke tumbaku kwenye tundu. Iko sawa?

Nesi wa Isevya

@Mgebuka Mkavu hapana baba, na huku kwetu Tabora tumbaku tunailima sisi kwahiyo tungekuwa hatuna meno mabovu mkoa mzima. Inakuunguza ufizi na jino linaendelea kuoza vilevile. Nenda ukaonwe, na ukiona uso unavimba au mdomo haufunguki usingoje hata kesho.

Nimerudi binti. Ya kutapika. Kuna sehemu za kukaa nazo mbali, kaakaa laini kule nyuma, shina la ulimi, na kile kidude kinachoning'inia kooni. Ukipumzisha ncha katikati ya kinywa kwa nyuma umeshakaribisha matatizo. Pa kupumzikia ni nyuma ya gego la mwisho la chini, pale kwenye kona ya ufizi, maji yanateremka yenyewe mpaka pale maana mgonjwa amelala. Na hapo usibonyeze, gusa tu. Cha ajabu ni kwamba mguso mwepesi wa kupapasapapasa ndo unaowatapisha watu, ukiingia mara moja na ukatulia mtu anavumilia, ukiingia ukitoka ukiingia ukitoka hata mimi ningetapika.

Wale wagumu kweli kweli tunawafanyia mambo mawili matatu. Kiti tunakiinua kidogo asilale moja kwa moja. Tunamwambia apumue kwa pua, taratibu. Tunamwambia ainue mguu mmoja juu auzuie hapo hapo, akili inahamia mguuni. Na tunakubaliana ishara, ukiona shida inua mkono wa kushoto, usinyanyuke wala usigeuze shingo drili ikiwa inazunguka. Wazee wetu wengi hawatasema wanaumia, wataona ni utovu wa adabu kumkatisha daktari, kwahiyo wewe nesi ndo uangalie macho na vidole vya miguu, vidole vikikunjika mwambie daktari asimame.

Kuhusu kunasa shavu, usivute kwa nguvu utamchana. Zungusha ncha tu kidogo hewa iingie itaachia yenyewe. Na kabla ya kuingiza kwenye mdomo uliokaukiwa ilowanishe ncha, na kama midomo yake imepasuka, hasa kiangazi hiki cha upepo, mpake mafuta kwanza. Roli ya pamba ikikaukia kwenye shavu nayo usiinyofoe, ilowanishe.

Halafu zoea kusikiliza. Saksheni ikivuta hewa tupu ina sauti yake, ikivuta maji inagugumia, ikinasa nyama inapiga mluzi halafu kimya. Ukishazijua hizo sauti utajua kinachotokea hata wakati kichwa cha daktari kimekuziba.

Binti wa Gungu

Jamani asanteni sana, @Nesi wa Isevya Mungu akubariki dada. Leo nimemuomba daktari nitangulie, tukafanya gego la juu kushoto, ncha nikaweka upande wa shavu nikatulia kama ulivyosema, hakusimama kabisa mpaka kamaliza kuchonga. Akaniuliza nani kakufundisha, nikacheka tu.

Ila kuna jambo sikuandika mwanzo maana nilidhani ni mkono wangu. Saksheni yetu akiwa hajakanyaga drili inavuta vizuri, akikanyaga tu inalegea, maji nayaona yamesimama kwenye bomba. Akiachia inarudi. Hii ni kawaida?

Na kwa meno ya juu, kioo chake kinajaa matone, ananiambia "kioo" halafu mi sijui nifanye nini, mkono mmoja una saksheni.

Fundi Kompresa

Hiyo ya kulegea wala sio mkono wako dada yangu. Viti vingi vilivyopo huku mikoani saksheni yake haina mota yake, inatumia upepo wa kompresa (ile mashine ya kujaza upepo kwenye tenki), upepo unapitishwa kwa kasi kwenye tundu jembamba ndani ya kiti na ndo unazalisha ule mvuto. Sasa drili nayo inazungushwa na upepo huo huo. Kompresa ikiwa ndogo, daktari akikanyaga pedali mnagawana, na drili ndo inapendelewa. Kwenye video ulizoangalia wana mota ya saksheni peke yake nyuma ya ukuta, ndo maana wao hata ncha ikikaa mbali kidogo wanasalimika.

Cha kufanya kabla hamjanunua kitu: angalia geji ya tenki la kompresa wakati drili inazunguka, ikishuka sana ujue ndo hapo. Fungua ile koki ya chini ya tenki utoe maji, hiyo ni ya kila siku na watu hawafanyi, tenki linabaki nusu maji nusu upepo. Halafu fungua chujio la saksheni, lile kopo dogo la plastiki pembeni ya sinki ya kutemea, mara nyingi unakuta pamba, vipande vya simenti na uchafu umeganda. Halafu pitisha mkono kwenye bomba lote kuangalia kama limepasuka, hasa pale linapojikunja karibu na kishikio. Nimeitwa kwenye vituo kibao naambiwa mashine mbovu, nikifika nasafisha chujio nachukua nauli yangu narudi.

Umeme ukichezacheza nao msiwashe na kuzima kompresa hovyo, subirini utulie kwanza.

Tabibu Reli ya Kati

Fundi kaongea vizuri. Naongezea tu kwamba kwa mashine ya namna hiyo ukaribu wa ncha ndo kila kitu, na daktari anaweza kuchonga kwa vipindi, anachonga kidogo anaachia pedali, nesi anamalizia maji yaliyobaki, anarudi. Sio aibu, na jino halichemki.

Kioo: ndo kazi ya mkono wako wa kushoto. Ile sirinji ya hewa na maji unaishika kushoto, ncha yake unaielekeza kwenye uso wa kioo unapuliza hewa kwa mshazari, matone yanakimbia. Puliza hewa tupu, usibonyeze vitufe viwili kwa pamoja utamwagia daktari. Ukishazoea utakuwa unapuliza mfululizo bila kuambiwa "kioo". Na kuosha mdomo mwishoni, mwambie mgonjwa ageuzie uso kwako, maji yatakusanyika shavu la kushoto, unaanza kuosha kutoka upande wa mbali kuja kwako na saksheni inasubiri pale pale kwenye shavu. Hapo hahitaji kunyanyuka kutema.

Tahadhari moja tu na hiyo hewa. Jino likishang'olewa usipulize hewa kwenye tundu, kamwe. Hewa inaweza kupenya chini ya nyama uso ukavimba.

Mama Zamu ya Asubuhi

Mnaongelea kuchonga tu, huku kwetu hospitali ya wilaya kazi kubwa ni kung'oa na foleni inaanza kabla jua halijatoka, kwahiyo niweke na ya kung'oa maana binti atakutana nayo. Hapo unatumia ncha nyembamba, ile ya chuma, sio ile pana. Damu ikiganda inaziba njia, kwahiyo weka kikombe cha maji safi salama kwenye trei, kila baada ya muda unachovya inavuta maji inajisafisha. Unavuta pembeni ya jeraha daktari aone mzizi, unafuta na gozi (kile kitambaa cha kufungia vidonda). Jino likishatoka na tundu limejaa damu inayoganda, toa ncha yako pale. Kuna manesi wanapenda tundu liwe safi jeupe, wanavuta mpaka ile damu ya kuziba, na mgonjwa anarudi siku ya tatu analia na maumivu ya tundu kavu. Weka gozi, ang'ate nusu saa, asitemeteme wala kunywa kwa mrija siku hiyo.

Na kipande cha jino kikipotea ghafla, kila mtu asimame. Usizime saksheni ukamwaga chujio kwanza, usimwambie mgonjwa ameze mate, mgeuze ubavu, angalieni mdomoni, kwenye gozi, kwenye chujio, kwenye nguo. Kisipoonekana kabisa daktari ataamua kuhusu picha ya kifua. Ndo maana chujio liwe safi asubuhi, ukikuta kipande mle ujue ni cha leo.

Watoto nao, usimshtukize. Mwonyeshe ncha, mwache avute maji kwenye kikombe kwa mkono wake, mwekee kwenye kiganja ahisi. Ndo uingie mdomoni.

Kasulu Kwanza

Ya midomo nimekubali yaishe 😅. Ila nauliza, bomba hizo mnasafisha na nini, sisi tunamwaga jiki jioni tunaenda zetu

Tabibu Reli ya Kati

Jiki hapana mkuu, hasa kama mnaziba kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha. Kemikali za aina ya jiki zinaifanya zebaki iliyoko kwenye mabaki iyeyuke na kwenda na maji machafu, na vyuma vya ndani vinaliwa. Kila baada ya mgonjwa vuteni maji masafi tu, kikombe kimoja au viwili. Jioni tumieni dawa ya saksheni yenyewe, au sabuni isiyotoa povu, povu likifika kwenye mota linaiharibu. Mabaki ya chujio yenye amalgamu yasiende kuchomwa wala kwenye otoklevu, mvuke wa zebaki mtauvuta nyie, wekeni kwenye chupa yenye mfuniko. Na ile sirinji ya hewa na maji pamoja na drili muache zitoe maji sekunde 20 mpaka 30 baada ya kila mgonjwa.

Binti wa Gungu

Nimechukua daftari nimeandika yote. Chujio letu leo nimelifungua na fundi wa jengo, sitaeleza nilichokiona maana kuna wanaokula saa hizi. Mvuto umeongezeka, sio sana ila ile kulegea imepungua.

Swali la mwisho naahidi. Jumamosi kuna daktari mwingine anakuja, yeye anatumia mkono wa kushoto, na anakaa upande wangu. Najipangaje?

Nesi wa Isevya

Yote yanageuka. Yeye anakuja upande wa namba 12 mpaka 4, wewe unahamia namba 8 mpaka 10, kulia kwa mgonjwa, saksheni inaenda mkono wa kushoto. Ile kanuni ya upande ulio karibu na wewe inabaki ile ile, kwahiyo sasa meno ya kulia unakaa shavuni, meno ya kushoto unakaa kwa ndani. Gego gumu litakuwa la chini kushoto.

Shida itakuwa bomba. Viti vingi mabomba yako upande mmoja, litavuka juu ya kifua cha mgonjwa na ni zito. Ijumaa jioni kaa ujaribu kama linafika bila kuvutika, lisipofika mwambie daktari mapema mgeuze kiti au mhamishe trei. Na omba mwenzako akae kama mgonjwa mfanye mazoezi na maji ya sirinji tu, drili isiwashwe, halafu mbadilishane, wewe ukae kwenye kiti umuache yeye akuwekee ncha. Utajua mwenyewe ni wapi panaudhi.